Nilifuata Dhahabu Geita, Nikarudi na Sakafu ya Mama Shija

Tangu nirudi sijakaa na mtu nikamaliza habari. Kila nikianza, mmoja anataka kujua kama ni kweli nilikamatwa, mwingine anataka aonyeshwe dhahabu, na Tatu, rafiki yangu wa uani, hataki kusikia lolote ila nilikula nini. Basi nimeamua kuandika. Anayetaka kucheka acheke, maana hata mimi nimeshacheka.

Kwa ambaye hakuwapo nilipoondoka, mambo yalikuwa hivi. Mimi nasoma uchoraji wa vitambaa kwenye chuo cha kiwanda cha nguo, mwaka wa pili. Mwisho wa muhula Mwalimu Kaduma alichukua mchoro wangu wa kanga, akafungua kabati, akatoa kitambaa cha zamani kutoka ng'ambo, akaviweka pamoja mezani. Ua lilikuwa lile lile. Hata jani lililokunjika kwangu lilikunjika kama la kwenye kitambaa.

"Mwanahawa," akasema, "ua hili limekukosea nini hata ukalichukua zima zima?"

Darasa lilicheka. Mimi uso uliniwaka, natamani ardhi ipasuke. Mwalimu hakucheka. Akasema likizo hii niende ninakotaka, nirudi na mchoro mmoja wa kanga nilioutoa kwenye maisha ya watu, si kitabuni wala kabatini kwake. Nitausimamisha mbele ya jopo. Ukipita, naendelea na darasa. Usipopita, nahamia chumba cha kufunga marobota, na huko hakuna aliyewahi kurudi kwenye meza ya kuchorea.

Nikasema moyoni, nitawakomesha. Baba yangu mdogo ni mwalimu wa shule ya msingi Geita, na Geita kuna dhahabu. Nani amewahi kuchora kanga ya dhahabu? Nikafunga mzigo.

Dar es Salaam hadi Tabora

Habari za tiketi siziandiki, mnazijua. Nianzie behewani, kitanda cha juu, daftari mkononi. Chini yangu alikaa mama mmoja wa Manyoni mwenye majogoo wawili ndani ya kikapu. Kila nikichungulia chini, jogoo mmoja ananitazama kama namdai.

Nilichora, jamani. Nilichora magurudumu, nguzo za simu, kikapu, jogoo, sikio la mama wa Manyoni. Kila mchoro nikiutazama baada ya saa moja umeshakufa. Nikageuza ukurasa, nikaanza mwingine, nao ukafa.

"Binti, wewe ni wa sensa?" mama akaniuliza.

"Hapana mama, natafuta mchoro wa kanga."

Alinitazama kwa huruma kabisa. "Kanga? Mimi mwaka wa pili huu sijaiona dukani. Ukiipata, nichoree na sabuni."

Behewa zima liliangua kicheko. Nilinuna mpaka Dodoma, kisha nikashindwa kununa kwa sababu alinipa mguu wa kuku na viazi, na hasira na mguu wa kuku havikai mdomo mmoja. Tabora tulikaa siku nzima na nusu tukisubiri kichwa cha treni. Nilikunywa chai isiyo na sukari mara sita. Yule mama alishuka Manyoni zamani, nikabaki sina wa kunitania, nikagundua namkumbuka.

Shinyanga hadi Kahama

Shinyanga nilifika asubuhi, vumbi jeupe na pamba kila mahali. Pamba imeshika kwenye miiba, kwenye nyaya, kwenye nywele za watu. Nikasema hapa hapa! Nikakaa kivulini nikachora matonge ya pamba. Nilipomaliza, yalikuwa mawingu. Mawingu yako Dar tele.

Nikaenda sokoni kula. Kulikuwa na mama mwenye ungo wa vipande vyeupe vikavu. Mimi mjuaji nikajua ni muhogo, nikamwuliza anausagia wapi. Wakina mama wote wa mstari ule wakageuka kunitazama. Ilikuwa michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa. Unavichemsha, unakula na karanga, na kwa njaa niliyokuwa nayo nilimaliza sahani mbili. Tatu, hilo ndilo jibu lako, na ninayo mfukoni kwa ajili yako.

Kutoka pale nilipata lori la dereva mmoja anaitwa Kulwa, mtu mnene, mpole, asiyeendesha bila kuongea. Alikuwa anapeleka bati na chumvi Buseresere, akakubali kunishusha njia panda ya Geita. Kahama tulilala, kwa sababu dizeli haikuwapo. Kesho yake pia haikuwapo. Siku ya tatu ikapatikana, Kulwa akaimwaga ndani ya tangi huku akiizungumzisha kama mtoto mgonjwa.

Siku zilikuwa zinakatika, na daftari langu lilikuwa na kurasa arobaini za michoro iliyokufa. Nilianza kuogopa kweli. Nilikuwa naona kile chumba cha marobota, kamba, misumari, na mimi nimeinama. Kulwa alikuwa anaongea, mimi namwitikia tu.

Baada ya Ushirombo

Tulipita Ushirombo mchana, watu wanatoka kanisani. Mwendo kidogo mbele, springi ya nyuma ikakatika. Kulwa akashuka, akachungulia uvunguni, akavua kofia. "Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "hapa tutakaa mpaka tuoe kabisa." Akarudi Ushirombo kwa baiskeli ya kuazima kutafuta fundi, akaniacha nilinde lori karibu na kijiji kimoja cha Wasukuma waliohamia huko na ng'ombe zao.

Sasa ndiyo kukamatwa kwenyewe. Ng'ombe walikuwa wanapita kwenda kisimani, mamia. Nikaona kila mmoja ana alama ya moto pajani. Duara lenye mkia, msalaba uliolala, mistari mitatu, kitu kama jembe. Na masikio yao yamekatwa kwa namna namna. Mungu wangu! Nilisahau hata lori. Nikawafuata mpaka kisimani, nikakaa kwenye jiwe, nikachora alama moja baada ya nyingine, na pembeni ya kila alama naandika ng'ombe wangapi nimewaona nayo, ili nijue ipi ni ya kawaida na ipi ni adimu. Nilikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza michoro ilikuwa hai.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anachota maji alinisogelea, akatazama daftari, akaweka ndoo chini polepole. Halafu akapiga mwano.

Kama hamjawahi kusikia mwano, siwezi kuwaeleza. Ni yowe la hatari, linapokewa nyumba hadi nyumba, na hakuna mwanamume anayebaki amekaa. Dakika kumi hazikuisha nimezungukwa na watu wenye pinde na mishale, na wote wananitazama mimi, Mwanahawa wa Ilala, mwenye penseli.

Ninyi mnacheka. Mimi sikuelewa chochote mpaka mkuu wa walinzi wa kijiji, Mzee Masanja, alipolichukua daftari na kulifungua mbele ya wote. Mfupi, sauti ya chini, ana fulana iliyotoboka begani. Nikamwamkia haraka haraka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nani kakutuma kuhesabu ng'ombe zetu?"

"Hakuna, baba. Nachora tu."

"Unachora alama ya Masanja," akaweka kidole, "halafu unaandika kumi na saba. Alama ya ng'wana Ndila, unaandika thelathini na moja. Mwizi akitaka kujua zizi lipi lina nini, atahitaji kitu gani kingine?"

Ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimewaandikia wezi ramani kamili, kwa mwandiko mzuri. Kule wezi wa ng'ombe wamewatia watu umaskini na misiba, na mgeni anayeandika alama ni jambo lisilo na mzaha. Nikaanza kueleza habari za kanga, jopo, Mwalimu Kaduma, ua la kabatini. Nikalia. Sioni aibu kusema, nililia kwa sauti.

"Kanga?" akasema mzee mmoja nyuma. "Kanga zenyewe hazipo, na huyu anazichora?"

Wengine wakaguna. Mzee Masanja akafunga daftari, akaliweka ndani ya mfuko wake. Akasema nitakaa kijijini mpaka dereva wangu arudi na kunithibitisha. Daftari atakaa nalo yeye. Nilale kwa Mama Shija, kwa sababu Mama Shija ana shughuli na anahitaji mikono.

Kwa Mama Shija

Mama Shija ni yule yule aliyepiga mwano. Mnaona bahati yangu. Mrefu, mkavu, kicheko kiko karibu. Njiani alinibebesha ndoo ya maji na hakuniomba radhi hata chembe. "Ng'wanone, mwanangu," akaniambia, "ungekuwa mwizi, sasa hivi wangeniimba sifa. Si mwizi, basi njoo tufanye kazi."

Kazi ilikuwa hii. Mtoto wake Shija alikuwa anaoa, na wakwe walikuwa wanakuja baada ya siku tatu kuitazama nyumba. Kule wakwe wa kike wakiingia hawatazami kitanda wala vyombo. Wanatazama chini. Sakafu yote inasiribwa upya kwa samadi ya ng'ombe, majivu na udongo mweusi, kwa mkono mtupu, na kila mkono unaacha mistari yake ya upinde. Ndugu na majirani wanasaidia, kila mmoja anapewa kipande chake. Wakwe wakiinama wanasema hapa kasiriba mvivu, hapa msichana, hapa mama mwenyewe. Sakafu ikiwa mbovu, wanaweza kwenda kusema binti yao hapeleki maisha yake pale.

Samadi! Mimi! Nilishika pua. Wanawake sita waliokuwa wamepiga magoti walisimamisha kazi kunitazama. Mama Shija akanivuta mkono, akauzamisha wote ndani ya beseni. Ilikuwa ya uvuguvugu, na haikunuka nilivyodhani, ilinuka nyasi. Akanionyesha kipande changu, karibu na mlango wa jikoni, wakwe wasikofika.

Nikasiriba. Nilijitahidi kweli, mimi mchoraji wa chuo. Nilipoinuka, jirani mmoja akauliza, "Hapa kuku wamepigana?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama Shija akamwaga maji, akafuta chote kwa kiganja. "Tena."

Nikarudia. Akafuta. Nikarudia, akafuta tena. Hasira ikanipanda, nikamwambia mkono wangu unajua kuchora kuliko wake. Maneno ya utovu wa adabu, najua. Yeye akatabasamu tu.

"Mkono wako unajua, mwili haujui. Unabaki umepiga magoti kama nguzo, mkono ndio unakimbia. Mkono uache utulie. Geuka wewe."

Akapiga magoti kando yangu. Vidole vinne vikagusa chini, mwili wake ukazunguka kutoka kiunoni, na upinde ukatoka wenyewe, mpana, mistari minne sambamba. Akarudi nyuma shibiri moja, upinde wa pili ukalala juu ya mguu wa ule wa kwanza. Hakutazama mkono. Alikuwa anaongea na jirani habari za maharage. Alipofika kizingitini akabadilisha, akatumia kidole gumba peke yake, mawimbi madogo madogo, kuziba ukingo wote.

Nilikuwa nimeinuka nikasimama mlangoni, jua likiingia nyuma yangu, likaipiga ile sakafu mbichi kwa ubavu. Kila upinde ukatoa kivuli. Pinde juu ya pinde, kutoka ukutani hadi ukutani, na ukingo wa mawimbi pande zote. Ilikuwa kanga. Mji ule pale katikati, pindo lile pale pembeni. Ilikuwa kanga kubwa imetandikwa chini, na watu wanaikanyaga kila siku ya Mungu.

Nikapiga kelele. "Daftari! Nipeni daftari langu!"

Hakuna aliyenipa. Mlinzi mmoja alikwenda mpaka kwa Mzee Masanja na kurudi na jibu kwamba penseli sitashika mpaka dereva aje. Nilimlilia Mama Shija kwamba nitasahau, kwamba maisha yangu yako pale sakafuni. Akanielekeza beseni.

"Huwezi kuandika, basi siriba. Nyumba ina vyumba vitatu."

Siku mbili nilisiriba. Chumba cha pili alinifutia mara nne. Magoti yalivimba, kucha zikawa za kijani. Usiku sikuota kitu, nililala kama gogo. Tulikula ugali wa udaga, ule muhogo uliovundikwa, na maziwa ya mgando, na mlenda, na sikuwahi kula kwa njaa ya namna ile. Siku ya pili mchana nilimaliza kona nzima, nikakaa nikisubiri kiganja chenye maji. Mama Shija akaitazama. Akaenda zake kupika.

Hakufuta! Jamani, hakufuta! Sijawahi kupata alama yoyote chuoni iliyonifurahisha vile.

Wakwe walikuja asubuhi ya siku ya tatu. Bibi mmoja aliinama, akatembea ameinama chumba hadi chumba, midomo imekaza. Alipofika kwenye kona yangu akasimama.

"Hapa kasiriba nani?"

"Mgeni," akasema Mama Shija. "Mwana wa Dasalama. Tulimkamata kisimani."

Bibi akasema kitu kwa Kisukuma, nyumba nzima ikacheka, na vigelegele vikaanza. Niliuliza kasema nini. Wakaniambia kasema, kama hata wafungwa wenu wanasiriba hivi, binti yetu aje.

Kulwa alirudi mchana huo na springi na fundi, akaapa mbele ya wazee kwamba ananijua. Mzee Masanja alinirudishia daftari mwenyewe. Kurasa zote za alama za ng'ombe zilikuwa zimekatwa, kwa kisu, kwa uangalifu. "Hizi zinabaki," akasema. "Zina wenyewe." Nilimwambia wabeja, asante, na nilimaanisha. Mama Shija nilimwachia mche wangu wa sabuni. Aliunusa, akaufunga ndani ya nguo, akanisukuma kwenye lori kabla sijaanza kulia tena.

Geita

Geita nilifika, msidhani sikufika. Baba mdogo alinipeleka kwa wachimbaji mtoni, wanaopembua mchanga kwenye karai. Mmoja akaninyooshea kiganja.

"Iko wapi?" nikauliza.

"Hiyo."

Nikasogeza macho. Palikuwa na chembe, ndogo kuliko ganda la mtama. Nikacheka, naye akacheka, na nikamwambia kwa moyo mweupe kwamba ni nzuri sana. Sikutoa penseli. Baba mdogo alishangaa, kwamba nimetoka Dar mpaka pale, na sasa nakunywa uji tu na kumsaidia mkewe kusiriba jiko. Mkewe hakushangaa, aliniongezea na ukumbi.

Kurudi

Kwenye treni nilijaribu kuchora ile sakafu. Haikutoka. Penseli ilitoa mistari, nzuri, safi, maiti. Nilijaribu Tabora, nikajaribu Dodoma, wapi. Jopo lilikuwa keshokutwa.

Nilipofika nyumbani nikaketi uani nikiutazama mkono wangu. Kisha nikaelewa mjinga mimi ninachokosea: nilikuwa nimekaa kwenye kiti. Nikapika uji mzito wa unga wa muhogo, nikautia buluu ya kufulia yote aliyokuwa nayo mama, samahani mama, nikatandika karatasi kubwa za chuo sakafuni na kuupaka. Nikapiga magoti. Vidole vinne. Nikageuka mimi. Upinde ukatoka, wa pili ukalala juu yake, na sikusimama mpaka nimezunguka ukingo wote kwa kidole gumba. Karatasi ya kwanza nilifuta. Ya pili nilifuta. Ya tano sikufuta.

Jopo walikuwa watatu: Mwalimu Kaduma, mkuu wa mauzo wa kiwanda, na Mzee Mbonde, fundi wa kuchonga roli za kuchapia vitambaa, mtu wa Songea ambaye katika miaka miwili sijamsikia akisifu kitu. Nilibandika karatasi ukutani. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya safari, lakini nikaishia kunyoosha kona za karatasi.

Mkuu wa mauzo akasema ni nzuri, itauzika, ila ni mawimbi ya bahari au ni mashamba? Mwalimu Kaduma alikwenda kabatini, akafungua, akatafuta kitambaa kimoja kimoja mpaka chini kabisa. Akafunga kabati. Hakurudi na kitu.

Mzee Mbonde alikuwa bado amesimama mbele ya karatasi. Aliinua mkono, nikaona vidole vinne vinafuata upinde hewani, na kiuno chake kikageuka kidogo. Alijaribu kwa mkono wa kulia, haukukaa. Akabadilisha, akajaribu kwa mkono wa kushoto.

"Aliyekufundisha kusiriba ni wa mashoto," akasema.

Nilikuwa sijatamka neno sakafu. Nilifunga macho, nikamwona Mama Shija amepiga magoti kando yangu, vidole vyake vinne vikigusa chini, na mkono ulikuwa wa kushoto. Siku mbili nzima nilikuwa naye na sikuwa nimegundua. Mkono wangu ndio uliogundua, ukafuata upinde wake ulikoelekea.

"Ndiyo, mzee," nikasema. "Umejuaje?"

"Mama yangu alikuwa hivyo hivyo," akasema. Akatoa leso. Kisha akamgeukia Mwalimu Kaduma, akamwambia roli ya mchoro huu ataichonga yeye mwenyewe, na asipewe mtu mwingine.